SIKUKUU NI PILAU TU?

Nimechukua kalamu nitoe dukuduku lililonikaa moyoni tangu mwanzo wa muhula huu.

Mwezi wa Septemba nilikosa shule wiki nzima. Wako waliodhani nimeshikwa na malaria. Wengine, na ninawajua kwa majina, walivumisha eti nimeozwa. La hasha! Nilikuwa kisiwani Lamu kwenye Maulidi pamoja na wazazi wangu na mdogo wangu wa kiume. Niliporudi nikakuta mtihani wa Historia ushafanywa, na kando ya jina langu kwenye orodha ya alama kumewekwa kistari. Mwenzangu mmoja akaniambia mbele ya darasa zima, "Wewe ulienda kula pilau, sisi tulikuwa tunasoma." Darasa likaangua kicheko. Mimi nilinyamaza, manake jibu lilikuwa refu. Ndilo hili.

Kwanza nikiri. Pilau nilikula, na biriani, na mkate wa mofa, na samaki wa nazi mpaka mama akanikanya kwa jicho. Lakini maoni yangu ni kwamba familia inayosafiri kwenda kwenye sikukuu ya wenzao imeenda shule, tena shule yenye mtihani. Huo wa darasani niliukosa tu. Ule wa Lamu niliufanya, nikaanguka vibaya.

Baba yangu alisoma dini Lamu kwa miaka miwili alipokuwa kijana. Tangu nipate akili amekuwa akituahidi, "Mfungo Sita ujao, inshallah." Mfungo Sita, kwa wasioujua, ni jina la Kiswahili la mwezi wa Rabiul-Awwal aliozaliwa Mtume (S.A.W.). Waswahili huhesabu kuanzia Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mimi nilikuwa nafikiri ni msemo wa baba wa kuahirisha mambo, kama watu wanavyosema "mwaka wa kuku kuota meno". Kumbe ni kalenda kamili.

Mwaka huu ahadi ilitimia. Tulitoka Bulla Pesa alfajiri, tukalala kwa shangazi Eastleigh. Kesho yake mama alikuwa na shughuli katikati ya jiji la Nairobi, tukamfuata nyuma kama vifaranga. Ghafla nikaona kibao cha barabara kimeandikwa Wabera Street. Nikamvuta mama mkono. "Mama, wamechukua jina la kwetu!" Kwangu mimi Wabera ni wadi iliyo jirani na Bulla Pesa, ni mahali pa kupandia bodaboda. Mama akacheka, akasema huyo alikuwa mtu, mkubwa fulani wa zamani. Mtu gani? "Utamuuliza akko ukirudi." Akko ni nyanya kwa Kiborana. Nikasema sawa, na papo hapo nikasahau.

Safari ya Nairobi mpaka Mombasa, na ya Mombasa mpaka Mokowe, sitaisimulia. Basi ni basi. Nitasema tu kwamba tulipopita Garsen tulisimamishwa mara nyingi ili vitambulisho vikaguliwe, na baba akasema hapo ndipo alipojisikia yuko nyumbani. Watu wa kaskazini mtaelewa.

Kutoka Mokowe tulivuka kwa mashua ya mtambo, mimi nimefumba macho na mdogo wangu anapiga kelele za furaha. Tulifikia nyumba ya rafiki wa baba katika mtaa wa Langoni. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba hivi kwamba ukikutana na punda aliyebeba mawe ni lazima mmoja wenu ajibanze ukutani, na punda hajibanzi.

Hapo mlangoni nikapata aibu yangu ya kwanza. Bi mkubwa wa nyumba, mama yake rafiki wa baba, alininyoshea mkono akasema, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Mimi kwa adabu zangu zote nikageuka kutafuta ndoo. Niliiona moja karibu na birika, nikambebea. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa Kiamu, "ndoo" ni "njoo", na "mui" ni "mji". Mwanachama mzima wa Chama cha Kiswahili, nimetoka Isiolo na cheti cha ushairi, nakaribishwa nyumbani kwa Kiswahili nikadhani natumwa maji!

Sasa tuje kwenye sherehe yenyewe. Binti wa nyumba ile ni rika langu, naye yuko kidato cha tatu. Usiku wa kwanza tuliketi orofani tukisikia matari yakijaribiwa kwa mbali, nikamuuliza kwa nini watu wote hawa wanakuja Lamu wakati kila mji una Maulidi yake. Nilitarajia aseme "sijui, ni desturi". Badala yake alinisimulia kama anayesimulia habari za babu yake mwenyewe.

Alisema kulikuwa na kijana Sharifu aliyetoka Ngazija, visiwa vya Komoro, katika karne ya 19. Jina lake Saleh, nasi leo twamwita Habib Saleh. Zama hizo elimu ya dini Lamu ilikuwa kama mali ya koo kubwa zilizokaa kwenye nyumba za mawe. Yeye akaenda kuwafundisha wasiohesabiwa: watumwa na watoto wa watumwa, na maskini waliokaa vibanda vya makuti kandokando ya mji. Baadhi ya wenye mji walichukia. Wakachukia zaidi alipofanya Maulidi yasomwe kwa matari, eti ngoma msikitini! Kisomo chenyewe kilitoka Hadhramaut, kimetungwa na Habib Ali al-Habshi wa mji wa Seiyun. Habib Saleh akakipokea, na penye msikiti wake wa Riyadha pakawa ndipo roho ya sherehe mpaka leo. Alifariki katika miaka ya 1930. Wajukuu wa waliofungiwa mlango wa elimu ndio sasa wanaowapokea wageni.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimejua Maulidi tangu utotoni, lakini sikujua kwamba ndani ya tari mna ugomvi wa tajiri na maskini.

Basi siku zilizofuata niliangalia kila kitu kwa jicho lingine. Maulidi ya Riyadha hufanywa wiki ya mwisho ya mwezi, watu wa miji mingine wakiwa wameshamaliza yao, ndiyo maana nilisikia Kiswahili cha Tanga, cha Unguja na cha Ngazija kwenye uchochoro mmoja. Sisi wanawake tulikuwa na upande wetu. Kutoka hapo niliwaona wanaume wa kanzu nyeupe wamesimama safu mbili wakiyumba pamoja kama mtama unaopigwa na upepo. Niliona kirumbizi, mchezo wa bakora, vijana wakipigana kwa mdundo wa ngoma na kukwepana bila kuumizana (mara nyingi). Siku ya Ijumaa watu walizuru kaburi la Habib Saleh, kisha zefe ikapita mjini, matari, bendera, watoto wamebebwa mabegani, na mama yangu, ambaye halii ovyo, akajifuta macho kwa ncha ya buibui.

Mashindano ya punda pia niliyaona, ufuoni. Wageni wenye kamera walikuwa wengi kuliko punda. Nasema kwa heshima, lakini wengi wao walipiga picha wakaondoka kabla ya usiku, yaani kabla ya kisomo. Baba akatuambia punda ni chumvi ya sherehe, na hakuna anayesafiri siku tatu kwenda kulamba chumvi.

Baba alitupeleka pia kwenye ngome. Hapo nitapita haraka: watu wa Lamu walishinda vita vya Shela yapata mwaka 1812 dhidi ya Pate na Wamazrui wa Mombasa, wakaogopa kulipiziwa kisasi, wakaomba ulinzi kwa Sultani wa Oman, na ngome ikakamilika yapata 1821. Baadaye ikawa jela mpaka 1984. Leo ni makumbusho, na mji wa kale wa Lamu uliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mdogo wangu alichokumbuka ni jela tu.

Mtihani wangu ulikuja usiku wa Ijumaa hiyo. Tumekwisha kula, kahawa inazunguka, bi mkubwa akanigeukia. "Na kwenu, mwanangu? Mui wenu ulianzaje? Na sikukuu mwaifanyaje?"

Nikasema, "Kwetu ni Isiolo." Kisha nikasema, "Kuna ngamia."

Wakangoja. Nikaongeza kwamba tunakaa Bulla Pesa. Mtoto mdogo wa nyumba ile akadakia, "Pesa za nani?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini sikuwa na jibu. Nikasema siku ya Idd tunaswali, tunachinja, tunakula pilau, watoto wanapewa pesa, tunatembeleana na kupiga picha. Bi mkubwa akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Vyema." Ile "vyema" ilinikata kuliko sifuri ya Hesabu. Mtoto wa Lamu anakueleza kwa nini analia na kwa nini anacheka siku yake kuu. Mimi nilieleza chakula.

Tuliporudi Bulla Pesa, kabla hata sijafua nguo za safari, nilimwendea akko. Nikamuuliza Wabera ni nani.

Akaniangalia sana. Akasema Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa DC wa Isiolo. Mwezi Juni 1963, wiki chache tu baada ya Madaraka, alikuwa akizunguka na Chifu Haji Galma Dido kuwashawishi watu wabaki katika Kenya wala wasijiunge na Somalia. Wote wawili waliuawa kwa risasi karibu na Modogashe. Miezi michache baadaye ikaja hali ya hatari, na vita ambavyo wazee wanaviita shifta, vilivyokwisha 1967. Hapo akko akanyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu. Mwaka 1966 yeye alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, na yeye na wazazi wake na jamaa zao waliingizwa kwenye kambi ya Garba Tulla. Serikali ilikuwa inawakusanya wafugaji mahali pamoja ili shifta wasipate chakula. Mifugo haikuweza kwenda mbali malishoni. Ikafa, na mingine ikapigwa risasi. Babu yake akko alikuwa na ng'ombe ambao hakuwahesabu, kwa sababu kuhesabu ng'ombe ni mkosi. Alitoka kambini na fimbo.

Akko akasema Idd moja huko kambini hapakuwa na cha kuchinja. Mama yake aliwasha moto, akachemsha chai, akawapa watoto chai ya rangi. Mborana, siku ya Idd, chai isiyo na maziwa! Wanawake wazima walilia kwa sababu ya kikombe cha chai.

Wenzangu, nyumbani kwetu kila Idd akko hutuudhi. Pilau iko tayari, inanukia mpaka kwa jirani, naye hakubali mtu yeyote aguse sahani kabla kila mmoja hajanywa kikombe cha chai ya maziwa mengi, hata kama mchana jua linawaka. Miaka kumi na sita nimeinywa chai hiyo nikinung'unika kwamba ni ukaidi wa kizee. Nikamuuliza, "Akko, mbona hukutuambia?" Akajibu, "Mnakuja kula, mnaondoka. Ni nani aliyeniuliza?"

Kwa hivyo mwenzangu aliyesema nilienda kula pilau alisema kweli, ila alikosea mahali. Nilikuwa nikila pilau tu hapa hapa Bulla Pesa.

Nilipomwambia baba kwamba mambo haya yasimuliwe mezani siku ya Idd, alikataa. Nitaeleza hoja yake bila kuipunguza kwa sababu baba yangu si mtu wa kubeza. Alisema siku ya furaha haifai kutonesha vidonda. Akasema Isiolo si Lamu: hapa tuko Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengine, na tumewahi kumwaga damu sisi kwa sisi. Ukianza kusimulia nani alimuua nani, na jirani yako amekuja na watoto wake kukupa mkono wa Idd, atakaaje kwenye mkeka wako?

Ni hoja nzito. Usiku huo sikulala vizuri. Lakini bado sikubaliani naye, na amenipa ruhusa niandike hivyo.

Sababu yangu ni kwamba watu wa Lamu hawafichi kwamba kulikuwa na watumwa, wala kwamba wenye mji walimpinga mtu ambaye leo wanaandamana kwenda kumzuru. Wanalisema hilo siku ile ile ya matari na halua, na furaha haipungui. Tena mtoto asiposikia habari za shifta kwa nyanya yake, penye chai, atazisikia kwenye mkutano wa kampeni, kwa mtu anayetaka kura. Hapo ndipo vidonda vinapotoneshwa. Akko hakuniambia nimchukie mtu. Aliniambia kuhusu chai. Na kwenye mkeka huo huo jirani yetu Msomali anaweza kusimulia ya kwake, maana wazee wa wenzetu wengi waliletwa hapa na Waingereza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakiwa askari waliowapigania, wakapewa Isiolo mahali pa kupumzika na kulisha mifugo. Hiyo nayo ni sikukuu gani isiyotaka kuisikia?

Nimesoma kwamba huko Thailand wana sherehe ya mwaka mpya iitwayo Songkran, katikati ya mwezi wa Aprili. Wageni wanaijua kwa sababu watu hurushiana maji barabarani siku nzima. Lakini watu wenyewe husafiri kwanza kurudi kwa wazazi wao, na vijana huwamwagia wazee maji mikononi polepole ili wapate baraka. UNESCO iliitia Songkran kwenye orodha yake mwaka 2023. Nadhani mtalii anarudi kwao na picha ya maji yanayorushwa, kama wale wa punda. Mjukuu anarudi na yale yaliyosemwa mikono ikiwa inalowa.

Kuna sababu nyingine ya haraka. Mwezi Machi 2012 Rais Kibaki, pamoja na viongozi wa Ethiopia na Sudan Kusini, alizindua huko Lamu mradi wa LAPSSET, wa bandari na barabara za kutoka Lamu kupitia Garissa mpaka Isiolo na mbele zaidi. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021. Baba alipokuwa amekunjamana kwenye kiti cha basi, alisema barabara ile ikikamilika atavaa kanzu Bulla Pesa asubuhi na kuswali magharibi Riyadha. Vizuri sana. Lakini hiyo barabara ina njia mbili, na watu wa Lamu nao watakuja kwetu, kwenye Idd yetu, na yule bi mkubwa akijaaliwa uzima atauliza tena swali lake. Tutampa ngamia na pilau?

Naomba basi Chama chetu kifanye hivi. Kila mwanachama, wa dini yoyote, akienda likizo ya Desemba, iwe Krismasi Maua au harusi Merti au kwa mjomba Mombasa, aulize swali moja kwa mwenyeji wake na swali moja kwa mzee wa kwao, ayaandike majibu. Hata kama ni kwa Kiswahili cha kuombea maji. Jarida la mwakani lichapishe kurasa mbili tatu za majibu hayo badala ya vichekesho vya darasa letu, ambavyo kusema kweli vingi tunavijua.

Baba amesema Idd ijayo atakuwa na shughuli nje wakati wa chai, ili akko aseme atakalo. Mama anasema hiyo ni njia ya baba ya kukubali. Akko hasemi kitu, amenunua kikombe kipya tu.

Mwalimu wa Historia amenikubalia nifanye ule mtihani Jumatatu. Na kuhusu lile swali la mtoto wa Lamu, pesa za Bulla Pesa ni za nani, nimewauliza wazee watatu mtaani na kila mmoja amenipa jibu lake. Aliye na jibu la nne aniletee. Nakaa dawati la pili, karibu na dirisha.